Ukiambiwa Urudie

Wewe ukiambiwa urudie, unaelewa nini?

Jibu haraka, usijipambe. Umefanya kazi yako, umeikabidhi, na mwenye mamlaka anakutazama kwa jicho lisilosema kitu, kisha anakuambia: rudia. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la ofisi anajua moyo huangukia wapi saa hiyo. Nina habari za mwanamke mmoja ambaye neno hilo lilimkaa kooni kwa wiki kadhaa, naye si mwoga. Lilimkaa kwa sababu ya kazi anayoifanya.

Ni shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Anafundisha udereva. Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Wazee, watoto, hata kaka mwenyewe, wote wanamwita Mwalimu. Gari lake la mafunzo ni dogo, jeupe, lina kibao chekundu juu ya paa, na upande wa abiria, chini, kuna breki ya pili. Breki hiyo ndiyo ofisi yake. Mwanafunzi anashika usukani, yeye anakaa pembeni, mguu umeelea juu ya breki kama mtu anayetaka kumkanyaga mende lakini kwanza anampa nafasi ya kutubu.

Kazi hiyo imemharibu kidogo. Akipanda gari la mtu mwingine, mguu wake unagandamiza sakafu kila mbele kukitokea baiskeli. Zulia la sebuleni, mahali anapoweka mguu akitazama televisheni, limeota upara. Kaka anasema ni kwa sababu ya filamu za kukimbizana.

"Mke wangu," aliwahi kumwambia mgeni mbele yake, "ndiye mtu pekee anayefunga breki gari likiwa ndani ya televisheni."

"Na linasimama," Mwalimu akajibu bila kugeuka.

Kaka ni kinyozi. Saluni yake ina vioo viwili, viti viwili na maneno yasiyohesabika. Mimi niliishi nao baada ya kumaliza chuo, nikisubiri kazi, na kwa kuwa nilikuwa nakula bila kuchangia chochote isipokuwa maoni, Mwalimu aliniita Msomi. Alipoona nimekaa sana, aliamua kunifundisha kuendesha. "Angalau," alisema, "utakuwa msomi anayeweza kutumwa."

Sasa sikiliza habari za uwanja wa mtihani, maana bila hizo hutaelewa kosa lake.

Uwanja uko nyuma ya ofisi ya leseni. Ni lami iliyopasuka, vigingi vya chuma vilivyopakwa nyeupe na nyekundu, na benchi refu chini ya paa la bati ambako walimu hukaa wakiangalia wanafunzi wao wakiteswa. Mtahini mkuu tunamwita Kimya. Ni mtu mrefu mwenye miwani, na maneno yake ya mwaka mzima unaweza kuyaandika kwenye kiganja. Mtahiniwa anarudisha gari nyuma kati ya vigingi. Akifanya vizuri, Kimya anatoa mkono wake na kumpa pale pale ndani ya gari, kimya kimya, na wote kwenye benchi tunajua kuna dereva mpya duniani. Asiporidhika, anasema neno moja: "Rudia." Mtahiniwa anarudia. Hata akirudia vizuri kama maji kwenye mfereji, mkono haupati. Kimya amekwisha kuamua. Kule kurudia ni heshima tu, kama kumsindikiza mgeni mpaka mlangoni.

Mwalimu ameyaona hayo mwaka baada ya mwaka, mpaka yamekuwa somo lake la mwisho kwa kila mwanafunzi: "Ukiambiwa urudie, ujue umeshaanguka. Usimuulize kitu, Kimya haulizwi. Rudia kwa adabu, shuka, njoo tulie pamoja huku kwenye benchi."

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, na binti yao wa pekee yuko shule ya bweni, alipopata ujauzito ambao hakuna aliyeupangia ratiba. Siku kaka alipoambiwa, alikuwa amemnyoa mteja upande mmoja. Alitoka nje kuvuta pumzi, akafika mpaka nyumbani, akaketi, akacheka peke yake, na mteja akaja kumfuata akiwa bado amevaa kitambaa shingoni. Mteja naye alipoambiwa habari, alisema basi upande wa pili aufanye bure. Kaka akaufanya bure.

Kliniki walimpokea vizuri. Kwa kuwa presha ilimsumbua mwishoni mwa ujauzito wa kwanza, walitaka wawe wanampima mara kwa mara, na kwa umri wake walimshauri afanye kipimo cha damu kinachochungulia vinasaba vya mtoto. Nimejifunza baadaye jinsi kinavyofanya kazi, na naona ni jambo la ajabu kabisa. Vipande vidogo vya vinasaba vinavyotoka kwenye kondo la nyuma huelea ndani ya damu ya mama. Maabara wanachukua damu ya mkono, wanavitafuta vipande hivyo, na kutokana navyo wanakadiria kama mtoto ana uwezekano mkubwa au mdogo wa kuwa na hali fulani, kama ile ya Down, inayomchelewesha mtoto kukua na kujifunza. Hakitoi hukumu, kinakadiria tu. Na kuna wakati vipande ni vichache mno, mashine inashindwa kusoma, na jibu halitoki kabisa.

Hayo, Mwalimu hakuelezwa. Au alielezwa kwa haraka siku ambayo masikio yake yalikuwa yamejaa furaha. Alichopata ni simu. Alikuwa amesimama kwenye uwanja wa mtihani, mwanafunzi wake yuko kati ya vigingi, simu ikaita, sauti ya mwanamume mwenye haraka ikamwambia: "Mama, kipimo chako kinatakiwa kurudiwa. Njoo wiki hii." Kisha ikakatika.

Hapo ndipo nina ugomvi na dunia. Tumejenga maabara zinazoweza kumtafuta mtoto ndani ya tone la damu ya mama yake, halafu tunashindwa kumalizia sentensi kwenye simu. Ingegharimu nini kuongeza maneno mawili, kwamba jibu halijatoka? Nani aliwaruhusu watu wenye makoti meupe kugawa nusu za habari na kutuachia wengine kazi ya kukisia nusu iliyobaki? Nusu hiyo kila mtu huijaza kwa kile alichonacho nyumbani. Mwalimu alikuwa na uwanja wa mtihani. Mbele ya macho yake, dakika ile ile, Kimya alikuwa anamwambia mwanafunzi wake arudie, na mwanafunzi akaanguka.

Akaweka simu mfukoni. Mtoto wake ameshaanguka, ndivyo alivyoelewa. Wanataka damu ya pili kwa heshima tu. Na kwa mara ya kwanza maishani hakufuata somo lake mwenyewe. Hakurudia hata kwa adabu. Hakwenda.

Wala hakumwambia mtu. Kliniki walipopiga tena aliijua namba, akaiacha iite. Nyumbani alitania kama kawaida, akala, akamkemea kaka kwa kuacha nywele za wateja kwenye soksi. Kaka, ambaye hugundua mteja ana mawazo kwa kumshika kichwa tu, aliona kitu, lakini alikisia vibaya: alidhani mkewe amemchoka. Akaanza kuleta matunda.

Mimi niliona mguu. Breki ilikuwa inafungwa bila sababu. Barabara nyeupe, jua la asubuhi, hakuna hata kuku, mara gari linasita.

"Shemeji, mbona umefunga? Mbele hakuna mtu."

"Anaweza kutokea."

"Nani?"

"Msomi, endesha."

Tukaendesha hivyo, kama tumebeba trei za mayai. Wanafunzi wengine walilalamika kwamba hawajafika gia ya tatu tangu mwezi uanze. Kichwa kilikuwa kinamuuma, akisema ni jua. Viatu vilianza kumbana, akawa anafundisha na kandambili, jambo ambalo zamani angemfukuzia mtu. Kliniki walikuwa wanamtafuta kwa hilo pia, kumpima presha, na yeye alikuwa anawakimbia kwa mwendo wa gia ya pili.

Wanafunzi wake huenda wawili wawili: mmoja anaendesha, mwingine anakaa nyuma na kujifunza kwa makosa ya mwenzake. Mwenzangu mimi alikuwa Nesi. Ni mwanamke mnene, mcheshi, muuguzi kwenye kliniki ile ile. Anasifika kwa kupata mshipa wa mtoto anayelia kwa mkupuo mmoja, lakini mzunguko wa barabara ulikuwa unamtoa jasho. Alikuwa ameanguka mtihani mara mbili, mara zote kwenye vigingi. Alikuwa amerudi kutoka likizo siku chache kabla, na asubuhi ile aliingia garini bila utani wowote. Nikadhani amegombana na mumewe.

Tulipofika kwenye mzunguko, gari likamzimikia katikati. Honi zikaanza. Dereva wa lori akachungulia kutoka juu. "Mama, hilo gari mnasubiri likue?"

"Limeshakua," Nesi akamjibu, "ni akili yangu ndiyo bado."

"Gia huru, klachi, washa," Mwalimu akasema kwa sauti yake ya kawaida. "Hakuna aliyekufa."

Nesi akawasha, akatoka kwenye mzunguko, akaegesha kando chini ya bango la rangi za nyumba. Akazima injini. Mikono ikabaki kwenye usukani.

"Mwalimu, mimi siwezi kuendelea kuendesha hivi, nimekaa nawe bega kwa bega na nimefunga mdomo." Akanitazama kupitia kioo. "Mdogo wangu, shuka ukaninunulie maji."

"Kwenye begi lako kuna maji, dada."

"Nataka mengine. Shuka."

Nikashuka. Nikasimama mbele ya duka la ndoo na mabeseni, nikiwatazama kwa nyuma. Nilikuwa naona vichwa viwili kwenye kioo. Cha Nesi kilikuwa kinageuka na kutikisika, mkono mmoja unakata hewa. Cha Mwalimu kilikuwa kimetulia, kimetazama mbele. Lakini taa nyekundu za nyuma zilikuwa zinaongea. Ziliwaka, zikazimika, zikawaka, zikazimika, kwa haraka, kama mtu anayepiga simu ya hatari. Gari limezimwa, limeegeshwa, na Mwalimu alikuwa anafunga breki. Mwenye duka naye akaona. "Kuna nini kule?" akaniuliza. "Wanajaribu taa," nikamwambia. Zikawaka tena, safari hii kwa muda mrefu, nyekundu tupu. Kisha zikazimika, na hazikuwaka tena.

Aliyoyasema Nesi nilikuja kuyajua jioni, kwa mdomo wa Mwalimu mwenyewe. Kwanza alimuuliza kwa nini hapokei simu za kliniki. Mwalimu akajibu kwamba hakuna haja, ameshaelewa ameanguka. Nesi akamuuliza nani kamwangusha. Mwalimu akasema, wamesema nirudie.

"Nesi akanitazama," Mwalimu alituhadithia, "kama ninavyomtazama mimi akiweka gia ya nne kwenye mlima. Akaniambia: Mwalimu, hawajakuangusha. Hawajakuona hata. Damu ilichukuliwa mapema, na mwili wangu na wako si wembamba, vipande vya mtoto vikawa vichache, mashine haikusoma. Jibu si baya wala si zuri, jibu halijatoka."

Nesi hakumpaka mafuta. Alimwambia pia kwamba mara nyingine vipande huwa vichache kwa sababu kuna tatizo kweli, la mtoto au la kondo, na ndiyo maana haifai kuliacha jambo hilo likining'inia. Na kwamba kichwa kinachouma na miguu iliyovimba si habari za jua.

Tulikuwa mezani, jua bado halijazama, sahani hazijaondolewa. Mimi nilikuwa nimesimama. Nilikuwa nimekwisha kuitungia kliniki ile barua ya wazi yenye aya saba, na nilikuwa nazisoma kwa kichwa: haki ya mgonjwa, wajibu wa mtumishi, dhuluma ya lugha ya mafumbo.

"Kaa," kaka akasema. "Unatikisa meza."

"Kaka, hili ni jambo la msingi. Watu wanaumizwa na uzembe wa..."

"Utawaandikia. Kwanza kaa." Kisha akamgeukia mkewe, na utani wote ukamtoka usoni. "Ulikuwa umelibeba peke yako?"

"Nilitaka wewe ubaki na furaha hata kidogo."

"Furaha gani? Nimenunua mananasi mpaka muuzaji anadhani nafungua hoteli. Nilijua umenichoka."

"Nimekuchoka tangu mwaka wa kwanza," Mwalimu akasema. "Hilo ni jambo jingine." Na hapo ndipo alipolia, kidogo tu, huku akijifuta kwa kitambaa cha meza ambacho yeye mwenyewe hamruhusu mtu kukifutia mkono.

Kaka alimngoja amalize. Halafu akaanza kusimulia habari za mteja wake wa Jumamosi, nasi wote tunamfahamu: mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyezaliwa na hali ya Down, anafanya kazi na dada yake kwenye duka la vitambaa, anakuja na kioo chake mwenyewe kwa sababu haviamini vioo vya saluni. "Yule bwana," kaka akasema, "ndiye mteja pekee aliyewahi kuniambia nimekosea ukingo wa sikio, na alikuwa sahihi. Simwambii mtu maisha yao ni mteremko. Dada yake ananiambia, kuna siku ngumu. Nasema tu kwamba akija mwingine kama huyo kwangu, namfahamu, si mgeni. Lakini wewe mama yake nikikukosa kwa sababu ya presha ambayo mtu angeipima kwa dakika mbili, hapo sina la kumwambia mtu. Kesho nafunga saluni. Tunakwenda."

Wakaenda, nami nikaenda nyuma yao na barua yangu mfukoni. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye kalamu mbili nyweleni ambazo alikuwa anazitafuta mezani. Presha ilikuwa imepanda, si ya kutisha, lakini imepanda. Akaandika dawa, akaongeza kidonge kidogo cha aspirini cha kumeza kila jioni kupunguza hatari ya presha kuja juu zaidi, akataka aje kupimwa kila wiki. Damu ikachukuliwa tena. Safari hii daktari alieleza yote, polepole, likiwemo hili: kwamba hata ya pili inaweza isitoe jibu. Nikamkabidhi barua yangu. Aliisoma yote, nikiwa nimesimama pale, akasema aya ya tatu ni ya kweli kabisa na ataipeleka kwa wanaopiga simu. Kuhusu aya nyingine sita hakusema kitu.

Na ya pili haikutoa jibu. Alipiga simu daktari mwenyewe, akaanza na sentensi hiyo hiyo: jibu halijatoka, si baya, si zuri. Mwalimu alikuwa barabarani na mwanafunzi. Aliniambia kwamba mguu haukugusa breki.

Njia zilizobaki zilikuwa mbili. Ya kwanza ni sindano ya kuchukua maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Hiyo ingeleta jibu karibu kamili, ila ina hatari ndogo ya kuharibu ujauzito. Ya pili ni kusubiri mtoto akue kiasi, kumpiga picha ya kina ya mawimbi ya sauti, kuangalia moyo wake, uti wa mgongo, viungo vyote, na kuendelea kuilinda presha. Mimi nilikuwa upande wa sindano, nami nilisema hivyo. Binadamu ana haki ya kujua, basi. Hatari ndogo ni ndogo.

"Ndogo kwako," Mwalimu alisema. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, vidole vinakwenda vyenyewe. "Naanza na picha. Nikiona picha inasema kuna jambo, nitaomba sindano hiyo mimi mwenyewe. Isiposema, nasubiri."

"Utasubirije miezi yote hiyo bila kujua?"

"Kwani wewe kazi unasubirije?"

"Mimi nasubiri kwa hasira."

"Basi tofauti yetu ni hiyo tu. Haki ya kujua ni yako, siikatai, uiandikie hata kitabu. Tumbo ni langu, na kungoja kwake ni kwangu."

Nakiri kwamba mpaka leo sikubaliani naye moja kwa moja. Ningekuwa mimi, ningetaka sindano. Lakini si mimi niliyekuwa nasikia mtoto anapiga mateke nikikata kona, na kitu kimoja nakipigania kuliko haki ya kujua, nacho ni haki ya mtu kuamua akiwa ameelezwa. Safari hii alikuwa ameelezwa.

Siku ya picha ilikuja. Kliniki waliruhusu kaka aingie. Mimi nilibaki ukumbini nikisoma mabango ya chanjo. Walipotoka, kaka alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba glasi iliyojaa. Moyo una vyumba vinne, akaniambia, na akavionyesha kwa vidole kana kwamba amevijenga yeye. Uti wa mgongo umenyooka. Mtoto anakua kama inavyotakiwa. Presha imetulia. Daktari hakuacha kuongeza kwamba picha haiwezi kuapa, kwamba kuna mambo haiyaoni, na kwamba mlango wa sindano uko wazi wakitaka. Mwalimu alikuwa amemshukuru na kusema wataendelea kungoja.

Alasiri yake nyumbani kulikuwa na amani ambayo sijaiona sana. Kaka alileta mto mnene wa kiti cha saluni, akauweka juu ya meza ndogo, na juu ya mto akaiweka miguu ya mkewe. Televisheni ilikuwa inaonyesha filamu ya kukimbizana. Magari mawili yalikuwa yanashuka mlimani kwa kasi ya wazimu, yakielekea ukutani, na Mwalimu alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, miguu yote miwili juu.

"Litagonga," kaka akaninong'oneza. "Leo hakuna wa kulizuia."

Likagonga.

Asubuhi iliyofuata Nesi alikuwa na mtihani wake wa tatu. Mwalimu alisema lazima awepo, nami nikaenda naye kwa sababu kaka alinituma nibebe kiti chenye mgongo, asikae kwenye benchi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limepanda juu ya ukuta wa ofisi ya leseni, kali, bado liko chini. Nesi aliingia garini na Kimya akaketi pembeni yake.

Alirudisha gari polepole. Sijawahi kumwona akigeuza usukani vizuri vile. Magurudumu ya nyuma yakaingia kati ya vigingi, gari likanyooka, likasimama. Hakuna kigingi kilichotikisika. Tukasubiri mkono.

Dirisha lilikuwa wazi, tukasikia: "Rudia."

Wote kwenye benchi tuliguna. Ndani ya gari, uso wa Nesi uligeuka kumtafuta mwalimu wake, na sikuwahi kuuona uso huo umekwisha namna ile. Mwalimu akainuka. Nilimshika mkono nikidhani anasikia kizunguzungu. Akautoa mkono wangu taratibu, akavuka lami na kandambili zake mpaka kwenye dirisha la Kimya, mahali ambapo kwa miaka yake yote ya kazi hakuwahi kufika mtihani ukiwa unaendelea.

"Mtahini, samahani. Ameanguka, au hujaona?"

Kimya akavua miwani. Akamtazama. Akayatafuta maneno kama mtu anayepekua kabati lisilofunguliwa mara nyingi.

"Jua limenipiga kwenye kioo," akasema. "Kigingi cha nyuma sijakiona."

"Kwa hiyo hajaanguka."

"Ningejuaje? Ndiyo maana nimesema arudie."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akageuka kuondoka, kisha akarudi. "Na wale wengine wote, miaka yote hii?"

"Wale walianguka," Kimya akasema, na kuvaa miwani yake.

Benchi zima likacheka, na nina hakika nilimwona Kimya naye akibana midomo. Mwalimu akainama mbele ya dirisha, akamwambia Nesi upande wa pili, kwa sauti ile ile ya kwenye mzunguko: "Hajakuona, dada. Rudia tu."

Nesi akapeleka gari mbele. Kimya akageuza kioo cha pembeni kidogo, kukwepa jua. Gari likaanza kurudi nyuma. Mwalimu alibaki amesimama pale pale kwenye lami, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo, na nikaona mguu wake wa kulia ukinyanyuka ndani ya kandambili, ukaelea, ukangoja. Gurudumu likapita kigingi cha kwanza. Likapita cha pili. Ule mguu ukashuka chini taratibu, ukatulia bila kugandamiza kitu.

Gari likasimama katikati ya vigingi. Ndani yake, mkono mrefu ukanyooshwa, na Nesi akaushika kwa mikono yake yote miwili.